Kuchagua Mtumbwi wa Kuvulia

Mwalimu wa darasa, tafadhali hakikisha kila mwanafunzi ana karatasi yake mbele yake, maana maneno mliyoyasikia redioni ndiyo haya haya, na sasa mtayaona kwa macho. Msisome mbio. Neno likiwa gumu, simameni, mlikate vipande vipande, kisha mwendelee.

Leo tunazungumza juu ya mtumbwi. Najua wengi wenu mnakaa huku juu, Sumbawanga, Laela na Matai, nanyi mnajua jembe na maksai kuliko kafi. Lakini samaki mnawala, na kila mwaka baada ya mavuno wako watu wanaotaka kuweka fedha ya mahindi katika uvuvi. Wengine hurudi na faida. Wengine hurudi mikono mitupu. Na wako ambao hawakurudi kabisa.

Nimepata barua kutoka kwa mwanafunzi mmoja wa bonde la Rukwa, upande wa Muze. Ni barua ya kwanza aliyoiandika kwa mkono wake mwenyewe, naye amekwisha pita miaka hamsini. Herufi zake zinapanda na kushuka kama njia ya kuteremka mlima wa Lyambalyamfipa, lakini nimeisoma yote bila kukwama. Anasema ameuza mpunga wake, na fedha anayo. Anasema kijana wake amemwonyesha katika simu picha ya mashua ndogo inayoendeshwa kwa pedali kama baiskeli. Mvuvi ameketi kwenye kiti, miguu inakanyaga, mikono yote miwili inavuta samaki. Anauliza: "Je, mashua hii inafaa kwa ziwa letu? Kama haifai, ninunue mtumbwi gani?"

Mzee wangu, swali lako ni zuri, na sitalicheka, ingawa najua wapo waliokucheka kijijini. Nitalijibu. Lakini nitaanza na maji, maana kabla ya kuuliza mtumbwi gani, sharti tuulize maji gani.

Sisi wa Ufipa tunakaa juu, katikati ya maziwa mawili. Ukiteremka upande wa mashariki unafika Ziwa Rukwa. Ukiteremka upande wa magharibi unafika Ziwa Tanganyika. Maziwa haya ni jirani, lakini tabia zao hazifanani hata kidogo.

Ziwa Tanganyika ni refu kama kilometa 670, na nchi nne zinalizunguka: Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia. Kina chake ni kirefu mno. Mahali penye kina kuliko pote panafika mita 1,470, na duniani liko ziwa moja tu linalolishinda kwa kina, ndilo Baikal la Urusi. Mahali pengi hata karibu na ufuko ukitumbukiza mti mrefu haugusi chini. Basi pondo, yaani ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi, haukusaidii kitu. Unahitaji kafi, au tanga, au injini. Tena upo upepo wa kusi. Kuanzia kama mwezi wa Mei mpaka Septemba upepo huo huvuma kwa nguvu kutoka kusini, na huku kwetu, Kasanga na Kipili, ndiko kwenye sehemu ya kusini ya ziwa. Mawimbi yake si ya mchezo. Mvuvi wa dagaa hutoka usiku na taa zake, na alfajiri akitaka kurudi hukuta ziwa limebadilika. Ziwa lile linataka mtumbwi wenye kingo ndefu na mbele iliyoinuka, upasue wimbi badala ya kulimeza.

Ziwa Rukwa ni kinyume chake. Maji yake ni ya kina kifupi, mita chache tu, na ni ya magadi. Mito huingia, kama Momba na Songwe na Rungwa, lakini hakuna mto unaotoka. Kwa hiyo mvua zikiwa nyingi ziwa linatanuka, na mvua zikikosekana linanywea. Mwaka 1929 urefu wake ulikuwa kama kilometa 50 tu. Miaka kumi baadaye ulikuwa umepita kilometa 120. Fikirini jambo hilo! Mahali alipovua baba, mwanawe anaweza kukuta nyasi, na mahali alipolima, mwanawe anaweza kukuta mamba. Kando kando kuna matope na matete. Kwenye ziwa la namna hii mtumbwi unaozama sana chini utakwama kila asubuhi. Hapa pondo lina kazi. Lakini msidhani kwamba maji mafupi hayana hatari. Upepo mkali ukipiga maji ya kina kifupi, mawimbi yake huwa mafupi na ya karibu karibu. Hujamaliza kupanda hili, lile limekwisha kukupiga ubavuni. Na ukianguka, viboko na mamba wapo.

Kwa hiyo, mzee wa Muze akiambiwa na shemeji yake wa Kasanga, "Nunua mtumbwi kama wangu," asikubali upesi. Shemeji hasemi uongo. Anasema juu ya maji ya kwake.

Sasa tutazame mitumbwi yenyewe.

Uko mtumbwi wa gogo moja, uliochongwa kwa tezo kutoka mti mzima. Mtumbwi huu hauna maungio, kwa hiyo hauna mahali pengi pa kuvuja. Ni mzito, hata ukijaa maji mara nyingi hauendi chini, na mtu anaweza kuushikilia. Ubaya wake ni wembamba. Upana wake hauwezi kupita unene wa mti, na mtumbwi mwembamba wenye tumbo la mviringo hupenda kubingirika kama gogo lilivyokuwa likibingirika msituni. Tena miti minene imekwisha. Aliyezaliwa zamani anakumbuka mininga mikubwa. Leo, kabla ya kukata mti wa namna hiyo, sharti upate kibali.

Uko mtumbwi wa mbao, uliojengwa na fundi. Mbao hupigiliwa juu ya mbavu, na katikati ya ubao na ubao fundi husindika pamba iliyochovywa mafuta ili maji yasipite. Kazi hiyo huitwa kukalafati. Huu unaweza kuwa mpana au mrefu unavyotaka, wa tumbo bapa au wa tumbo la kuchongoka. Mitumbwi mingi mnayoiona Kirando na Kasanga ni ya namna hii. Lakini kila ungio ni mlango, na mlango unataka bawabu. Mwenye mtumbwi wa mbao atakalafati upya mara kwa mara maisha yake yote. Asiyetaka kazi hiyo asinunue.

Siku hizi ziko pia boti za faiba. Ni nyepesi, hazioi, hazinywi maji. Bei yake iko juu, na ikipasuka, fundi wa tezo hawezi kuitengeneza. Nasema hayo kwa kifupi kwa sababu wengi wetu hatutazinunua mwaka huu.

Watu wa Ufipa, ninyi mnajua kununua ng'ombe. Hamnunui maksai usiku. Mnamfungua mdomo mkaona meno, mnainua kwato, mnamtembeza, na mwenye akili humfunga kwenye jembe akalima naye mistari miwili mitatu mbele ya mwenyewe. Lakini mtu huyo huyo akifika ufukoni, akaona mtumbwi uliopakwa rangi ya samawati, anatoa fedha! Sijui kwa nini. Labda ziwa linatutia aibu sisi watu wa milimani, hatutaki kuonekana washamba.

Nitawasimulia jambo lililotokea Kasanga, nami nilikuwapo, na sehemu ya kosa ni yangu.

Katika darasa letu moja alikuwamo mama mmoja mjane, mfanya biashara. Huteremsha mahindi na maharage mpaka ziwani, hupandisha dagaa Sumbawanga. Barabara ni kilometa 112, ya lami, na magari yapo. Alikuwa na kijana wake aliyevua kwa mitumbwi ya watu, akitaka amnunulie wa kwake. Siku hiyo nilikuwa nakwenda kukagua madarasa ya ziwani, tukateremka pamoja katika lori moja, juu ya magunia yake.

Tulipofika, mwenye mtumbwi alikuwa anatungoja. Mtumbwi ulikuwa wa mbao, mrefu, rangi mpya. Akasema yuko mtu mwingine wa kutoka Kipili anautaka jioni ile ile, kwa hiyo mama atoe kianzio kwanza, shilingi laki mbili, ndipo tuendelee kuutazama. Akaleta karatasi. Mama alikuwa na miezi mitano tu katika kisomo. Akaniambia, "Mwanangu, nisomee wewe, macho yangu bado mazito." Nikaichukua karatasi nikaiweka juu ya boneti ya lori. Jua lilikuwa kali, dereva anapiga honi. Nikamsomea jina la muuzaji, jina la mnunuzi, urefu wa mtumbwi, bei, kianzio, tarehe. Mistari sita. Chini kabisa palikuwa na mstari wa saba, wa maandishi madogo. Sikuusoma. Niliona ni maneno ya kawaida. Mama akatia sahihi yake, jina zima, si dole gumba. Nikafurahi sana juu ya sahihi ile, hata nikasahau kazi niliyoombwa.

Baada ya hapo mama akafanya jambo ambalo mimi nisingelifikiria. Akasema, "Mtumbwi huu utabeba watu watatu na nyavu na samaki. Sasa hapa hakuna samaki, lakini mahindi ninayo. Pakieni magunia yangu matatu." Muuzaji akacheka, akasema mtumbwi si lori. Mama akasema, "Pakieni." Wakausukuma majini, wakapakia magunia matatu ya kilo mia mia. Tukakaa juu ya mchanga tukangoja. Kijana wake alikuwa ameketi ndani. Haikupita nusu saa akasema, "Mama, miguu yangu imelowa."

Wakautoa. Kijana akachukua kisu akakwangua rangi upande wa nyuma, chini. Chini ya rangi kulikuwa na lami, chini ya lami kipande cha bati, na chini ya bati ubao ulikuwa laini kama muhogo uliovundikwa. Kisu kiliingia mpaka mpini.

Mama akataka kianzio chake. Muuzaji, bila ugomvi wo wote, akainua karatasi akaweka kidole kwenye mstari wa saba. Uliandikwa: *Kianzio hakirudishwi kwa sababu yo yote.* Mama akanitazama. Akasema pole pole, "Mwanangu, na wewe umesoma mpaka chuo kikuu."

Mwisho wa mwezi nilimpelekea laki moja kutoka mshahara wangu. Nusu ya pili alikataa kuipokea, akasema na yeye alikuwa na macho. Tangu siku ile hajaniomba tena nimsomee kitu. Husoma mwenyewe, kidole chini ya mstari, hata risiti ya ushuru, na watu wanaongoja nyuma yake husimama. Mwaka uliofuata alimnunulia kijana mtumbwi mwingine, mdogo kuliko ule, na kabla ya kulipa alikwangua rangi mahali pane.

Basi, ukienda kununua, nenda na kisu, na kamba yenye alama za mita, na watu wawili wazito. Kisu utakichoma kwenye mbao za chini, hasa nyuma na kwenye maungio, mahali maji machafu yanapolala. Mbao nzima hukataa kisu. Tazama vichwa vya misumari, kama vimelia kutu na kuoza ubao unaovizunguka. Kama ni mtumbwi wa gogo, tafuta nyufa kwenye ncha zote mbili, maana mtumbwi ulioachwa juani miezi ya kiangazi hupasuka ncha kwanza. Kisha uingize majini ukae, si dakika moja. Mbao kavu huvuja kidogo mwanzo, halafu huumuka na kujifunga. Hilo si kosa. Lakini kama baada ya saa kadhaa maji bado yanaingia, hapo pana ugonjwa.

Na wale watu wawili wazito, waambie wasimame upande mmoja, pole pole, mahali ambapo maji hayapiti kiuno. Wavuvi wawili wakivuta wavu husimama hivyo hivyo. Mtumbwi ukiinama kidogo ukakataa, ni mpana wa kutosha. Ukiinama, ukaendelea kuinama, warukie majini, cheka nao, kisha uende ukatafute mwingine.

Sasa shikeni kalamu. Tutafanya hesabu moja, nami naomba msiogope, maana hesabu hii inajua kuokoa watu.

Tuseme mtumbwi una urefu wa mita 5 na upana wa sentimita 60. Mita 5 ni sentimita 500. Zidisha 500 kwa 60, utapata 30,000. Lakini mtumbwi si sanduku, ncha zake ni nyembamba, kwa hiyo tuchukue theluthi mbili tu. Theluthi mbili za 30,000 ni 20,000. Hapo tumepata ukubwa wa mtumbwi pale unapokaa juu ya maji, kwa sentimita za mraba.

Mtumbwi huo ukizama sentimita moja tu zaidi, unasukuma maji ya ukubwa wa sentimita 20,000 kwa kimo cha sentimita moja. Sentimita elfu moja za namna hiyo ni lita moja. Kwa hiyo ni lita 20. Na lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Basi kila kilo 20 mnazopakia, mtumbwi unashuka sentimita moja. Andikeni hapo: *kilo 20, sentimita 1.*

Wakiingia watu watatu wa kilo 60 kila mmoja, ni kilo 180. Mtumbwi umeshuka sentimita 9. Nyavu zilizolowa, kilo 40: sentimita 2 nyingine. Samaki, Mungu akijalia, kilo 60: sentimita 3. Jumla sentimita 14.

Mpimeni mtumbwi ukiwa mtupu majini. Kama kutoka maji mpaka ukingoni ni sentimita 25, basi ukiwa umejaa zinabaki 11. Wekeni kiganja cha mkono juu ya meza, mkiweke kwa upana pamoja na kidole gumba. Kimo hicho ndicho kitakachowatenga wavuvi watatu na ziwa. Asubuhi ya utulivu kinatosha. Wimbi la kusi halitauliza.

Hesabu hii si ya fundi, ni ya kukisia, na mitumbwi inatofautiana matumbo. Lakini anayekisia kwa kalamu ana nafasi kuliko anayekisia kwa macho. Na ona: hasara haiko wakati wa kwenda, mtumbwi ukiwa mwepesi. Iko wakati wa kurudi. Mavuno yakiwa mema ndipo mtumbwi unapokuwa mbaya.

Iko gharama nyingine ambayo wanunuzi husahau. Chombo cha uvuvi sharti kiandikishwe, na mvuvi awe na leseni. Nenda kwa ofisa uvuvi wa halmashauri yako kabla ya kulipa, umwulize pia kama mtumbwi unaouziwa umeandikishwa na kwa jina la nani. Ukinunua pamoja na nyavu, mwonyeshe nyavu hizo. Mtu akikuuzia kokoro kwa bei ya huruma, hakukuhurumia, maana kokoro limekatazwa. Na kama unakopa fedha, hesabu miezi ambayo ziwa litafungwa. Mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa tangu tarehe 15 Mei mpaka tarehe 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Miezi mitatu kamili. Samaki walipumzika, lakini mkopo haupumziki. Mwenye deni la kila mwezi na aulize kwanza juu ya jambo hilo.

Nunua na jaketi la kuokolea, moja kwa kila mtu atakayepanda. Nimesikia vijana wakisema jaketi linaleta joto. Kweli, linaleta joto.

Sasa narudi kwako, mzee wangu wa Muze, na mashua yako ya pedali.

Mashua ya namna hiyo huitwa kayaki. Jina na umbo lake vimetoka kwa watu wa Greenland na nchi nyingine za barafu, ambao tangu zamani waliwinda baharini kwa vyombo vyembamba vilivyofunikwa ngozi za sili. Wao walipiga kafi. Pedali zimekuja juzi juzi. Kampuni ya Hobie ya Marekani ilianza kuuza yake mwaka 1997. Chini ya mashua kuna mapezi mawili. Mguu ukikanyaga, mapezi yanapiga huku na huku kama mapezi ya ndege wa majini. Nyingine hazina mapezi, zina rafadha, yaani panga linalozunguka kama la injini ya boti, ila mguu ndio unaolizungusha.

Fikra yenyewe ni ya akili. Miguu ina nguvu kuliko mikono, kila anayepanda baiskeli Sumbawanga anajua hivyo. Na mikono ikiwa huru, mtu mmoja anaweza kuvua na kwenda papo hapo. Katika mtumbwi wetu ni lazima wawe wawili, mmoja anavuta wavu, mwingine anashika kafi ili upepo usiwazungushe. Kwa hiyo sikulaumu kwa kuitamani. Wanaovua kwa ndoana, samaki mmoja mmoja, katika maji safi yasiyo na majani, wanaipenda, na wana sababu.

Lakini ipitishe katika maswali yetu. Maji gani? Ya Rukwa: mafupi, yenye tope na matete. Mapezi na panga vinaning'inia chini ya mashua, na vitu vya kwanza kukutana navyo ni matete, kisha nyavu za wenzako. Utashuka kuvifungua. Kushuka Rukwa, mzee wangu, unajua kuna nani. Itabeba nini? Mashua hizo nyingi huchukua kilo mia mbili na kidogo, pamoja na wewe mwenyewe na kiti. Toa uzito wako, toa nyavu zilizolowa, uone samaki wangapi wanabaki. Kiti chake kiko chini, karibu na maji, na mkono wako uko karibu na mamba kuliko ninavyopenda. Ikivunjika pedali, fundi yuko wapi? Fundi wa baiskeli pale sokoni ni hodari, lakini chuma kile hajapata kukiona. Na bei yake ni dola elfu kadhaa, kabla ya meli na ushuru. Kwa fedha hiyo ungepata mtumbwi mzuri wa mbao, nyavu, jaketi, leseni, na ukabakiwa na mbegu ya mpunga wa mwakani.

Basi jibu langu ni hapana, kwa ziwa lako na kwa kazi yako. Tafuta mtumbwi wa mbao wa tumbo bapa, mpana, usiozama sana, ambao watu wawili wanaweza kuusukuma kutoka matopeni. Usiwe mrefu mno, maana kati ya matete utahitaji kugeuka. Na kabla ya kununua, fanya kazi msimu mmoja katika mtumbwi wa mwingine, hata kwa ujira mdogo. Najua una umri, na pengine utaona haya kuagizwa na vijana. Vumilia. Wewe hujavua, umelima. Katika msimu huo utajua pia jambo ambalo mimi siwezi kukufundisha redioni, nalo ni kama unalipenda ziwa au unapenda samaki tu. Kama ni samaki tu, weka fedha yako katika kununua na kuuza, kama yule mama, umwache kijana wako aende majini.

Barua yako ya pili naingoja. Niandikie vipimo vya mtumbwi utakaouona, urefu, upana, na kimo cha ukingo juu ya maji ukiwa mtupu, nami nitavisoma vyote mpaka mstari wa mwisho.

Darasani fanyeni hesabu hii. Mtumbwi una urefu wa mita 6 na upana wa sentimita 90. Ukiwa mtupu, ukingo uko sentimita 32 juu ya maji. Wanaingia watu wanne wa kilo 60 kila mmoja, na nyavu za kilo 60, na wanarudi na samaki kilo 60. Zinabaki sentimita ngapi? Aliyemaliza amsaidie jirani yake, lakini asimwandikie. Kisha zungumzeni: je, mwezi wa Julai, Kasanga, ninyi mngepanda?

Jibu tutalitazama pamoja juma lijalo, na baada ya hapo tutaanza somo la nyavu na matundu yake. Kwaherini.